Kunde za Uani

Siku hizi bao halichezwi bila mtandao. Ukikatika, kila shimo hujifunika na kete zake ndani. Jana ulikatika nikiwa nimebakiza mtaji mmoja tu wa kula kete nimfunge wifi yangu Zuwena, na tangu tuzeeke pamoja sijawahi kumfunga.

"Mungu kaniokoa, wifi," akasema, anajipepea kwa upindo wa kanga.

"Kaa hapo hapo, usikimbie."

Nikachimba mashimo uani kwa kijiko cha chai, nikapanga kunde kama kete zilivyokuwa. Nikamla mpaka mbele kwake pakawa peupe. Tulicheka hadi chai ikapoa.

Mtandao uliporudi, bao likafunuka. Kete zilikuwa zimekaa vile vile zilivyokaa kunde, mbele kwa Zuwena peupe.

"Nani kaliambia?" akauliza.

Nikayafukia mashimo kwa mguu, taratibu.