Chumvi na Maji

Mwalimu Kahindi aliwaambia wanafunzi waliokuwa maabarani wakijiandaa kwa mtihani kwamba atakayekosea jibu hatamruhusu kuufanya. Kisha akamnyooshea kidole Mwanaidi, msichana mwoga kuliko wote.

"Asidi na besi zikichanganywa tunapata nini?"

"Chumvi na maji, mwalimu."

"Chumvi na maji tu?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu akatabasamu. Akamimina asidi kwenye bilauri ya kioo, akaongeza besi bila kupima, akakoroga na kumsogezea.

"Basi kunywa. Ukikataa, huliamini jibu lako, na mtihani hufanyi."

Wavulana wa nyuma wakaangua kicheko. Mwanaidi akamgeukia Zuhura, rafiki yake wa chanda na pete. Zuhura alikuwa ameona kwamba asidi ilizidi mno, na iliyobaki bila kugeuka chumvi ingemuunguza anayeinywa. Alifungua mdomo, lakini macho ya mwalimu yakamwangukia, naye akainama akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Kunywa! Kunywa!" wavulana wakaimba, wakipiga meza.

Mwanaidi akaishika bilauri kwa mikono miwili. Kioo kilikuwa cha moto. Akafumba macho, akainyanyua hadi midomoni.