Bendera ya Bi Mashavu

Bi Mashavu alikuwa akiishusha bendera ya chama kwenye mlingoti wa nyumba yake pale mwenyekiti wa tawi, Bwana Sefu, alipofika akihema.

"Dada, una nini? Kampeni ndiyo kwanza zimeanza!"

"Nina mjukuu asiye na mama," akajibu, huku akizidi kuvuta kamba. "Mlituahidi zahanati, tukawaimbia mpaka sauti zikakauka. Juzi binti yangu kajifungulia njiani akipelekwa hospitali ya mbali, akanifia mikononi. Leo mnaniletea kanga yenye sura ya mgombea nijifunge kiunoni?"

Vijana wa chama pinzani waliokuwa wakipita wakashangilia, na mmoja akakimbilia mlingoti na bendera yao.

"Karibu kwetu, mama! Tuipandishe?"

"Usiguse!" Bi Mashavu akafoka. "Kabla yao diwani alikuwa wenu. Alijenga nini? Kura yangu mtaiomba, hamtaiokota."

Akamrushia Bwana Sefu bendera yake, akaingia ndani kumbeba mtoto aliyekuwa akilia.

Ng'ambo ya barabara, jirani yake Mzee Chande alitoa kiti nje, akakiweka chini ya mlingoti wake, akasimama juu yake akiitazama bendera ya chama kilekile cha Bwana Sefu iliyokuwa ikipepea.