Mguu Usiokunjwa

"Sasa dada, unalishonea gari langu suruali?" kaka mtu aliuliza, na wauguzi wawili wakacheka.

 Dada yake, fundi cherehani, alikuwa ameinama uwanjani mwa hospitali, utepe wake wa kupimia ameunyoosha kutoka mgongo wa kiti hadi dashibodi. Gari la kaka lilikuwa la milango miwili, la zamani, lakini jekundu na linang'aa kama pipi iliyorambwa.

Mama yao alisubiri kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta kutoka pajani hadi vidoleni. Daktari alikuwa ameonya: goti likijikunja, atapasuliwa tena.

"Nafasi ya mguu inapungua shubiri nzima," fundi alisema.

"Tutamwingiza kiubavu. Au unataka apande lile kopo lako?"

Kopo lilikuwa gari la fundi la kubebea familia, umri sawa na lile jekundu. Jana fundi alifungua nati nne, akang'oa kiti cha kati. Kilichomtia shaka ni mlango wa pembeni, ambao tangu mwaka jana haukufunguka bila teke. Asubuhi alikuwa ameisugua reli yake kwa mshumaa, kama afanyavyo zipu ikikwama.

Alilifuata kopo, akashika kitasa, akavuta. Mlango ukateleza wote, kwa mkono mmoja.

Mama akaketishwa nyuma taratibu, mguu umenyooka. Kati ya kisigino na kiti cha dereva vikapita vidole vitatu, sawasawa na kipimo.

Mama akachungulia dirishani, akamwambia mwanawe.

"Suruali ya gari lako itashonwa kesho, baba. Leo fuata nyuma."