Maganda ya Ndimu na Maganda ya Majivu

Mji ulikuwa umeshaanza kuhama, magodoro vichwani, mbuzi mbele. Rajabu peke yake ndiye angebaki darajani na bunduki, awazuie adui mpaka watu wavuke. Uani, mkewe Sikujua na Kibibi, dada wa Rajabu, walikuwa wakisafisha maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, ili ayajaze baruti upya.

Kibibi alisugua kwa majivu. Sikujua alikuwa ameyaloweka yake kwenye maji ya ndimu tangu jana.

“Wifi, unatia achari?” Kibibi aliuliza.

“Yangu yanang'aa. Yako kama meno ya mvuta kiko.”

“Yameanza kuwa mekundu. Ndimu imeila shaba hiyo, imekuwa dhaifu.”

“Wivu huo, wifi.”

Rajabu akaja, akayatazama mabakuli yote mawili, akachukua la mkewe. Kibibi akanyamaza, asije akaonekana anagombea kaka.

Darajani, ganda la pili lilipasuka, likakwama ndani ya bunduki. Rajabu aliuawa pale pale. Nusu ya watu walivuka. Kibibi anauza mkaa ng'ambo. Sikujua aliolewa tena, na kila Idi humletea wifi yake nyama. Kibibi huipokea.