Zamu ya Kivuli

Turubai la jiji huelea angani, likikinga kila mtaa na jua kwa saa sita, sawa kwa sawa. Mlimani hulipata kuanzia saa nne asubuhi. Bondeni hulipata saa kumi na mbili jioni, jua likizama.

Saa nane mchana afisa wa mgawo alifika Bondeni kwa Bi Siwema, shati limemganda mgongoni, kuuliza kama wameridhika.

"Samahani, mama, naomba nijikinge kivulini kidogo."

Bi Siwema alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, akasonya.

"Si mmetupangia jioni, bwana mkubwa? Basi kaa hapo juani usubiri zamu, kama sisi."

Afisa akakaa. Ndani, mumewe Siwema, aliyekuwa akilalamikia joto tangu asubuhi, alisogea dirishani kumtazama akitokwa jasho.