Uma wa Mfukoni

Regina aliweka sinia la ugali na kuku katikati ya mkeka, nyumbani kwake Kilosa. Mwanawe alikuwa amerudi kutoka Ulaya baada ya miaka tisa, akiwa na mke Mzungu.

Mke alinawa, akamega tonge. Lilimchoma vidole, lakini hakuliachia.

Mwana akatoa uma mfukoni. "Mimi nitatumia huu, mama. Mikono ina vijidudu."

"Mikono ipi? Hii iliyokulisha?"

"Mama, usianze."

Regina alilivuta sinia kutoka mbele yake, akalisogeza kwa mkwewe na kumwekea paja la kuku. "Kula, mwanangu."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Hoteli zenye uma ziko Mikumi. Ukiwahi stendi, basi la saa nane utalipata."