Skrini Yenye Maua

Usiku mmoja tu, na mstari wa moyo wa baba ulikuwa umegeuka rangi ya dhahabu.

Binti yake alisogeza uso kwenye kioo cha korido mpaka pumzi ikakitia ukungu, akaufuta kwa ncha ya mtandio. Jana mstari ule ulikuwa wa kijani juu ya skrini nyeusi, na kengele ya kompyuta ililia kila alipojaribu kufumba macho. Leo skrini ilikuwa ya buluu, imezungushiwa maua, na tarakimu zimenenepa kama za kadi ya harusi. Kitanda cha nne: mapigo sabini na mbili.

"Umeona mambo?" muuguzi alimwambia kupitia kidirisha cha dawa. "Nimeiweka alfajiri. Programu ya bure, ya mtandaoni. Inachukua kilichopo kwenye skrini, inakirembesha. Iliniuliza maswali kibao, nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo."

"Na ile kengele?"

"Leo imetulia. Afadhali, maana niko peke yangu. Bila skrini hii ningeshinda nakimbia kitanda hadi kitanda."

Wagonjwa mahututi walilala nyuma ya mlango wa pili, mbali na macho ya ndugu. Ndugu walikaa koridoni na kukodolea macho kompyuta ya muuguzi, kila mmoja na tarakimu za mtu wake. Kuingia ndani, ilikuwa ndugu mmoja kwa mgonjwa, mara moja kwa siku.

"Unaingia? Nikupe gauni la wageni?"

Moyo ulimvuta. Jana baba alikishika kidole chake, akauliza jambo moja tu: "Mdogo wako yuko wapi?" Mdogo wake alikuwa ameondoka kwenye karakana ya useremala ya baba kwa hasira, akaapa kwamba hatashika randa tena maishani. Tangu siku hiyo, baba na mwana walikuwa wakitumiana salamu kupitia kwake. Sasa kijana alikuwa njiani.

Aliitazama skrini tena. Sabini na mbili.

"Nafasi ya leo ni ya mdogo wangu," alisema. "Namwachia yeye."

Simu iliita kabla hajakaa.

"Dada, usinifiche. Nitamkuta?"

"Utamkuta."

"Basi limetufia porini. Nimepata pikipiki, ila mvua hii balaa, na huyu bwana anaendesha kama anafukuzwa na wakwe zake."

"Mwambie apunguze! Jikingeni mvua kwanza, unywe hata chai, ufike mzima. Baba hana haraka leo."

"Una hakika?"

"Moyo wake nauona hapa mbele yangu. Haupandi, haushuki. Utadhani yuko kazini anapigilia misumari."

Kijana alicheka kidogo. "Nimeyapanga maneno njia nzima, Dada. Nikimwona tu, najua yote yataniruka."

"Yakikuruka, lia. Atakuelewa. Kwani yeye tangu lini akajua maneno?"

Kijana alifika jua limeshapinduka, amelowa chapachapa, tope mpaka magotini.

"Nimechelewa?"

Dada yake alimshika mabega, akamgeuza akielekee kioo. "Tazama pale. Kitanda cha nne."

Kijana aliweka kiganja juu ya kioo, akakiacha hapo. Midomo yake ilianza kucheza bila sauti. Muuguzi alimwona, akatabasamu, akasukuma mlango wa pili kwenda kumweka mzee sawa kwa ajili ya mgeni wake.

Alikawia huko ndani.

Alipotoka, hakuwa na gauni mkononi. Alipita mezani kwake bila kugeuka, akaja mpaka koridoni, akasimama mbele yao akiitazama sakafu.

"Mwili umeshapoa," alisema. "Itakuwa tangu asubuhi. Nimemchomoa nyaya zote."

Nyuma ya kioo, mstari wa dhahabu uliendelea kurukaruka katikati ya maua. Sabini na mbili.